Faili la binti tunalisoma kinyumenyume

Haya jamani, mliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele, njooni tu mimi siumi. Asanteni kwa kuja. Nimepewa dakika arobaini, na mimi nikishika maikrofoni najijua, kwa hiyo mwenye saa anionyeshe kidole zikibaki tano.

Mada ni vilevi na makosa kwa mabinti wa umri wa balehe, vinahusiana vipi. Nikisema vilevi simaanishi unga peke yake. Naongelea pombe, sigara, veipu, bangi, gundi na petroli za kunusa, vidonge vya usingizi vya bibi vilivyoko kwenye droo, dawa ya kikohozi yenye kodeini, vidonge vya maumivu vya tramadoli. Mabinti wengi wanaanzia kwenye hivi vya kabatini, na vingi havinuki mdomoni, ndo maana nyie wazazi mnachelewa kujua. Mnasubiri mtoto apepesuke. Mtoto hapepesuki, analala tu sana na mnasema siku hizi katulia.

Na makosa nayaweka yote kwenye kapu moja kwa sasa, utoro, kutoroka nyumbani, wizi, kupigana, kuuza, baadaye tutayatenganisha maana kwenye kutenganisha ndo kuna mambo.

Nianze na faili. Miaka kadhaa nyuma nililetewa faili la binti wa miaka 15, shule siitaji na nchi siitaji, nimebadilisha na vitu vingine ili mtu asije akaanza kukisia. Limeandikwa vizuri sana hilo faili, ule mwandiko wa mtu mwenye hasira. Ukurasa wa kwanza, amekutwa na simu ya mwenzake. Wa pili, amempiga mwanafunzi kwa rula ya chuma. Wa tatu, amekutwa na vidonge ndani ya kalamu, yani alichomoa ule mrija wa wino akajaza mle vidonge vinne vidogo akarudisha kizibo, mwalimu aligundua kwa sababu aliazima ile kalamu asaini daftari ikagoma kuandika. Wa nne, utoro. Chini kabisa mtu wa nidhamu kaandika tatizo ni dawa za kulevya, ufumbuzi afukuzwe.

Nikampa binti karatasi nikamwambia chora mstari, alafu weka nukta kwa kila kitu kilichoandikwa humu, kwa mpangilio wako wewe sio wa shule. Akachora. Rula akaiweka mwisho kabisa kulia. Simu kabla ya rula. Vidonge katikati ya mstari. Utoro, ambao kwenye faili ni ukurasa wa mwisho, kumbe ulitangulia vidonge. Kisha akakaa na kalamu mkononi muda mrefu mpaka nikadhani amemaliza, akaitoa nje ya karatasi akaweka nukta mezani, kushoto, kwenye mbao. Akasema karatasi haikutosha upande huu.

Siku ile sikuuliza. Ile nukta ya mezani nilikuja kuijua wiki ya tano. Alikuwa na miaka 12, kuna mtu mzima wa nyumbani kwao alikuwa anaingia chumbani kwake usiku, na kidonge cha kwanza alikimeza ili usingizi uwe mzito asisikie mlango ukifunguliwa.

Sasa nirudie lile swali la mada. Uhusiano upo, hakuna mtu anabisha, kila mtu aliyewahi kufanya kazi na hawa watoto anajua anayetumia ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na makosa na mwenye makosa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutumia. Mimi ninachogombana nacho ni mpangilio. Faili linaandikwa kwa mpangilio wa sisi tulivyoona, na sisi huwa tunaona mwisho kwanza. Tunaona ngumi, tunapekua tunakuta kidonge, tunasema ahaa, kidonge ndo kimeleta ngumi. Kwa mabinti, sio wote ila wengi mno, kidonge kiko katikati ya stori.

Na hili sijalitunga mimi. Mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Cathy Widom, mwaka 1989 alitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 908 ambao mahakama zilithibitisha walinyanyaswa au kutelekezwa utotoni, akawalinganisha na wengine 667 wa umri na mazingira yaleyale ambao hawakuwa na rekodi hiyo. Walionyanyaswa walikamatwa zaidi, wakiwa watoto na wakiwa watu wazima. Lakini wengi wao hawakuwa wahalifu, hilo naomba mlishike na mkono mwingine, maana kuna mtu atatoka hapa aende kumwangalia mtoto wa jirani aliyeumizwa kama bomu linalosubiri kulipuka. Mwaka huohuo Meda Chesney-Lind, yule mama wa Hawaii anayetafiti makosa ya mabinti, akaandika kitu ambacho mimi nakiona kila wiki kazini, kwamba binti anatoroka nyumbani kwa sababu nyumbani kunauma, akishafika nje hana pa kulala hana pa kula, anaiba, anauza mwili, anakunywa ili avumilie, na kila kimoja kati ya hivyo tunakipa jina la kosa. Yani njia yake ya kujiokoa ndo tumeifanya hati ya mashtaka.

Haya, kilevi kikishaingia katikati kinafanya kazi gani? Kuna mtu anaitwa Paul Goldstein, 1985, alisema dawa na vurugu vinaunganika kwa njia tatu. Kilevi chenyewe kinakubadilisha ukitumia, hiyo moja. Ya pili unahitaji hela ya kukinunua. Ya tatu biashara yenyewe imejaa fujo hata kama we hujalewa. Alikuwa anaongelea zaidi watu wazima wa mitaa ya Marekani lakini ukiishusha kwa binti wa miaka 14 inafanya kazi, ila inapinda.

Hiyo ya kwanza, mwili. Binti na kijana wa kiume wenye uzito uleule wakinywa kiasi kilekile, binti anakuwa na pombe nyingi zaidi kwenye damu, kwa sababu mwili wa kike una maji machache kwa uzito uleule, na tumboni kimeng'enya kinachoanza kuivunja pombe kinafanya kazi kidogo zaidi. Kwa hiyo binti anayetaka kwenda sambamba na wavulana anawahi kuzima. Alafu kuna jambo ambalo madaktari wa uraibu wameliona siku nyingi, wanawake wengi wanatoka kwenye kuonja mpaka kwenye utegemezi kwa muda mfupi kuliko wanaume, ngazi anayoipanda mwanaume kwa miaka wao wanairuka. Na ubongo wa umri huo, ile sehemu ya mbele ya paji inayosema ngoja kwanza, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Margo Gardner na Laurence Steinberg mwaka 2005 waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakacheza peke yao, wengine marafiki wamewazunguka. Watu wazima hawakubadilika sana. Vijana wadogo marafiki wakiwepo walijihatarisha zaidi kabisa, na hapo hakuna aliyekunywa hata tone. Sasa ongeza chupa.

Ya pili, hela. Hapa ndo inapopinda. Mvulana akiishiwa anaiba, anapora. Binti anaiba pia, simu, pochi ya mama, vipodozi, lakini mara nyingi binti hana haja ya kununua kwa sababu kuna mtu anampa. Mniruhusu nikae hapa kidogo maana nadhani ndo kiini cha yote na huwa tunapita haraka kwa aibu.

Yule anayempa ni mkubwa kwake. Miaka 19, 22, wengine 30 na. Ana usafiri, ana simu nzuri, anasikiliza. Jamani, anasikiliza, hiyo ndo silaha yake kubwa kuliko hata hela! Kuna utafiti wa Sweden, Håkan Stattin na David Magnusson walichapisha 1990, waliwafuatilia mabinti tangu wadogo, wakakuta waliovunja ungo mapema sana, kabla ya miaka 11, wakifika 14 ndo waliokuwa wanalewa zaidi, wanatoroka shule zaidi, wanavunja sheria za nyumbani zaidi. Watu wakadhani ni homoni. Walipoangalia vizuri wakakuta tofauti iko kwa wale waliokuwa na marafiki wakubwa kiumri, ambaye aliwahi kukua lakini marafiki zake ni wa darasa lake hakuwa na shida hiyo. New Zealand nako, kwenye ule utafiti wa Dunedin wa watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, kina Avshalom Caspi na Terrie Moffitt wakakuta mabinti waliowahi kubalehe walikuwa na makosa zaidi kwenye shule za mchanganyiko kuliko kwenye shule za wasichana watupu. Sisemi tuwafungie wasichana peke yao, mwalimu naona umeanza kutikisa kichwa tulia. Nasema mwili ukikua kabla ya wenzake, watu wazima wanaanza kumwona mtu mzima, na yeye bado anacheza na mdoli akirudi nyumbani.

Kwa hiyo njia ya tatu ya Goldstein, biashara, binti anaingizwa kupitia mapenzi. "Nishikie hii mpaka kesho." Anashika. Kwenye begi la shule nani atapekua? Baada ya mwezi anabeba, baada ya miwili anauza kwa wenzake chooni, akikamatwa ni yeye amekamatwa, bwana mkubwa kabadilisha laini. Nimekaa na mabinti mahabusu ya watoto walioniambia kwa kiburi kabisa siwezi kumtaja, ananipenda. Ukimwambia hakupendi unapoteza muda, na unampoteza na yeye. Mimi huwa namuuliza tu amekuja kukuona mara ngapi. Naacha.

Sasa nitoe tahadhari moja nisije nikawatia presha bure. Mabinti wengi wanaoonja kitu hawawi wahalifu wala walevi. Moffitt huyohuyo aligawa makosa ya vijana mafungu mawili, kuna wanaoanza utotoni na kuendelea maisha yote, na kuna ambao ni kipindi tu cha ujana kinakuja kinapita. Kwenye lile fungu la maisha yote, Dunedin waliwakuta wavulana kama 10 kwa msichana 1. Kwenye fungu la kipindi, ni kama mvulana mmoja na nusu kwa msichana 1, yani karibu wako sawa. Mnaona maana yake? Binti aliyeharibika akiwa na 15, uwezekano mkubwa ni kipindi, kitapita, mradi tu sisi watu wazima tusimpige muhuri wakati kinapita. Shida ya kilevi ni kwamba kinaweza kukigandisha kile kipindi. Uraibu, mimba, rekodi ya polisi, kufukuzwa shule, hivi vinne vinamfunga mtu kwenye mwaka wake wa kumi na tano mpaka anafika thelathini. Vitatu kati ya hivyo sisi wenyewe tunaweza kuvizuia hata kama kilevi tumeshindwa.

Nikaahidi kutenganisha makosa. Kuna kosa ambalo ni kosa kwa mtu yeyote, wizi, kuumiza mtu. Kuna lingine ni kosa kwa sababu tu we ni mtoto, utoro, kutoroka nyumbani, eti "kushindikana". Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia makosa ya watoto, ile inayoitwa ya Riyadh ya 1990, inasema wazi kwamba jambo ambalo mtu mzima akilifanya haadhibiwi basi na mtoto asiadhibiwe. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema kumfungia mtoto kuwe njia ya mwisho kabisa na kwa muda mfupi kabisa, kifungu cha 37. Lakini angalieni nani anakamatwa kwa kutoroka. Mvulana akilala nje siku tatu tunasema anakua, binti akilala nje siku moja tunaita polisi. Alafu tunamfungia na nani? Huko Chicago Linda Teplin na wenzake waliwapima vijana 1,829 waliokuwa kizuizini, wakatoa matokeo 2002, karibu robo tatu ya wasichana walikuwa na angalau tatizo moja la akili linalohitaji matibabu, wavulana karibu theluthi mbili, na karibu nusu ya wote walikuwa na tatizo la vilevi. Kwa hiyo kile ni kama hospitali isiyo na daktari, yenye makufuli.

Na kuwakusanya wenyewe kwa wenyewe kuna hatari yake, hata bila makufuli. 1999 Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walionyesha kwamba vikundi vya ushauri vya vijana wenye shida pekee viliongeza uvutaji na makosa. Nia njema kabisa! Wakikaa duara, mmoja akisimulia alivyoiba wengine wanacheka, kile kicheko ndo darasa. Vilevile kuwapeleka watoto gerezani wafungwa wakawafokee ili waogope, ule mtindo uliovuma kutoka Rahway, New Jersey, miaka ya 1970, tafiti zilipojumlishwa waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa. Zaidi, sio sawasawa. Bado naona shule zinakodi basi.

Kilichofanya kazi? Iceland, 1998, vijana wa miaka 15 na 16 waliosema wamelewa mwezi uliopita walikuwa asilimia 42. 2016 walikuwa asilimia 5. Bangi ilitoka 17 ikaja 7, sigara za kila siku 23 zikaja 3. Hawakufanya miujiza, walijaza mchana wa watoto michezo na muziki vya kulipiwa na serikali, wazazi wakakubaliana kwa maandishi mtoto asizurure usiku, na walikuwa wanapima kila mwaka sio kukisia. Wenzetu wana hela ndiyo. Ila yale makubaliano ya wazazi ni karatasi tu jamani, kuna kikundi cha wazazi hapa hakina namba za wazazi wenzao?

Sasa kuuliza. Maana wote mtarudi nyumbani leo muulize, na wengi mtauliza vibaya. "Unavuta wewe?" Hapo unataka hapana na utapewa hapana. Uliza kitu chenye jibu. Lini mara ya mwisho ulikaa sehemu watu wanatumia ukataka kuondoka ukashindwa? Uliwahi kutumia ukiwa peke yako? Hili la peke yako naliogopa kuliko yote, kutumia na wenzake kunaweza kuwa kampani, peke yake chumbani ni dawa, kuna kitu anakitibu. Uliwahi kusahau ulichofanya? Muulize mkiwa mnafanya kitu, mnafua, mko njiani, asiwe anakuangalia usoni. Akishajibu, funga mdomo. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo.

Na mambo mawili ya hatari niyaseme haraka naona kidole. Mkigundua binti anameza vidonge vya usingizi kila siku, msimfungie ndani aache ghafla, anaweza kupata degedege, mpelekeni hospitali wampunguzie taratibu. Na mkimkuta mtu ananusa gundi au gesi msimkimbize wala kumshtua kwa kelele, moyo unaweza kusimama palepale hata kama ni mara yake ya kwanza. Mkaribie polepole, fungua dirisha.

Haya maswali. Ndiyo mama.

Mama anauliza apekue begi au asipekue. Mama, ukihofia maisha yake pekua, lakini umwambie umepekua. Usipekue kimyakimya alafu ukajifanya umeoteshwa. Na ukikuta kitu usikitupe chooni kwa hasira, kiweke, daktari atataka kujua ni nini.

Baba pale. Anasema mbona siongelei viboko, wao walichapwa wakanyooka. Baba yangu, yule wa kwenye faili alichapwa mara sita, zimeandikwa, na kila mara ilifuatiwa na utoro siku inayofuata. Ningeweza kukuonyesha tarehe.

Dada mwenye daftari. Yule binti yuko wapi. Hakufukuzwa, tulibishana sana, akahamishiwa kwa shangazi yake, yule mtu mzima kesi ikaenda ilikoenda. Baada ya miezi saba akameza tena, mara moja, akanipigia mwenyewe usiku kabla shangazi hajajua, analia anasema niandike kwenye faili. Nikaiandika, tarehe na saa, na nikaandika aliyetoa taarifa ni mwenyewe. Kwenye faili lote lile hakukuwa na ukurasa mwingine wenye hivyo.

Maikrofoni ipelekeni upande ule, kuna mwalimu kanyoosha mkono siku nyingi.